Windows Home au Pro? Maswali mnayoniuliza kila siku kabla ya kununua laptopu

Nimeandika haya maana nimechoka kujibu jambo lile lile kwa voisi za WhatsApp. Kila wiki lazima mtu anipigie yuko Kariakoo, muuzaji kasimama mbele yake, ananiuliza fundi hii ni Home nichukue au niongeze hela nibebe Pro, na pembeni namsikia muuzaji anasema mwambie huyo fundi wako Pro ndo yenye nguvu. Mi nipo Mwanga hapa Kigoma, natengeneza kompyuta, laptopu mpya siuzi, kwaiyo sina biashara ya kukushawishi. Tafuta swali lako, mengine ruka.

Hivi Home na Pro ni Windows mbili tofauti?

Hapana, ni moja. Chukulia nyumba moja, Home wamekukabidhi vyumba vitano na vingine viwili vitatu vimefungwa kufuli, Pro vimefunguliwa vyote. Na sio mfano tu, ndo ilivyo kweli, ukiwa na Home ukalipia Pro haidaunlodi Windows mpya, inafungua tu kilichokuwa humo humo, inajizima, inawaka, basi umekuwa Pro na mafaili yako yapo vile vile.

Vilivyofungwa kwenye Home ni hivi: BitLocker kamili, yaani kufunga diski kwa ufunguo na kuisimamia unavyotaka. Kuingiwa kwa mbali kwa Remote Desktop. Kuunganishwa na domeni ya ofisi, yaani ule mtandao ambao kompyuta zote za ofisi zinasimamiwa kutoka sehemu moja. Group Policy, ambayo ndo inampa mtu wa IT kubana setingi za kompyuta nyingi kwa mkupuo. Hyper-V na Windows Sandbox za kuendeshea kompyuta ndani ya kompyuta. Halafu kuna mambo ya RAM, Home inaishia GB 128 na Pro inafika TB 2, ila hilo wala lisikuumize kichwa, hapa mezani kwangu hata laptopu ya GB 64 haijawahi kutua.

Kwaiyo Pro haikimbii zaidi?

Haikimbii. Hata kidogo. Laptopu mbili zinazofanana kila kitu, moja Home moja Pro, hutaona tofauti kwenye Word wala kwenye Chrome wala kwenye muvi. Hili neno Pro limewaponza wengi, mtu anaacha laptopu ya GB 8 yenye Home anabeba ya GB 4 yenye Pro kwa sababu ya jina, afu baada ya miezi miwili ananiletea anasema fundi imekuwa nzito. Haijawa nzito ndugu yangu, ulinunua nzito.

Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 kima cha chini ni RAM GB 4 na nafasi ya GB 64. Hiyo ni ya kuwaka tu, sio ya kufanyia kazi. Mi nasema GB 8 na SSD ya GB 256 ndo pa kuanzia, na hela yoyote ya ziada peleka hapo kwanza kabla hujafikiria Pro. Kuna vilaptopu vidogo vya diski ya eMMC GB 64 vinauzwa bei tamu sana, vile apdeti kubwa mbili tatu zikishuka diski imejaa, na eMMC imegandishwa kwenye bodi huwezi kuchomoa ukaweka kubwa.

Mimi ni mwalimu, kazi yangu maandalio ya somo, matokeo na Excel. Niongeze hela?

Usiongeze mwalimu. Home. Mifumo unayoingia, ESS ya Utumishi, PEPMIS na mingine ya serikali, inafunguka kwenye brauza, haijali una toleo gani. Hiyo tofauti ya bei nunua chaja orijino na mkoba mzuri, maana barabara ya kwenda huko shuleni kwako naijua.

Mtoto anaenda chuo kusoma kompyuta, wamesema lazima Pro.

Waulize wamesema kwa sababu gani. Kama ni kwa ajili ya kuendesha kompyuta za kufikirika, yaani kuweka Linux (mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows) ndani ya Windows ajifunzie, VirtualBox ni ya bure na inakubali kwenye Home. WSL nayo, ile ya kuendesha Linux ndani ya Windows, ipo kwenye Home. Anachokosa ni Hyper-V na Sandbox, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kukwama kwa hilo. Atakachokwama nacho ni RAM, huyu ndo mtafutie GB 16, au angalau laptopu yenye nafasi ya kuongeza RAM baadae, maana siku hizi laptopu nyembamba nyingi RAM imegandishwa kwenye bodi na ukishanunua ndo umenunua.

Anayeenda TIA kusoma uhasibu, au anaenda Uhazili Tabora, Home inamtosha mpaka anavaa joho.

Nina steshenari yenye kompyuta nne, printa moja. Nahitaji Pro zote nne?

Hapana. Kushea printa na mafolda kwenye mtandao wa ndani Home inafanya. QuickBooks, ile programu ya mahesabu ya biashara, ya kompyuta moja inakaa kwenye Home bila shida.

Ungehitaji Pro kwa jambo moja, kama unataka ukiwa nyumbani Ujiji uingie kwenye kompyuta ya dukani kwa Remote Desktop. Hapo sheria iko hivi: Home inaweza kwenda kupiga hodi kwa wenzake ila yenyewe haipokei wageni. Kwaiyo ile kompyuta INAYOINGIWA ndo iwe Pro, ya nyumbani unayotumia kuingilia inaweza kuwa Home. Moja tu, sio nne. Au usinunue kabisa, weka Chrome Remote Desktop ambayo ni ya bure, inafanya kazi hata kwenye Home, intaneti yako isizingue tu.

Ofisi yetu ina mtu wa IT na seva. Amesema Pro, tumsikilize?

Msikilizeni. Kama kuna domeni au akaunti za kazi zinazosimamiwa kutoka sehemu moja Home haiingii humo, mtanunua afu mtalipa tena kupandisha. Taasisi nyingi hapa Kigoma, hasa hizi zinazofanya kazi Kasulu na Kibondo kwenye makambi, wako hivyo. Jibu la swali lenu ni fupi kwa sababu yupo mtu wa kulaumiwa.

BitLocker ni nini, mbona watu wanalia nayo?

Hapa kaa vizuri.

BitLocker inageuza kila kilichomo kwenye diski kuwa kitu kisichosomeka bila ufunguo. Mtu akikuibia laptopu stendi akachomoa diski akaiweka kwenye kompyuta yake, haoni kitu. Jambo zuri sana kwa mhasibu, daktari, mtu wa mikopo, yeyote mwenye taarifa za watu. Pro unayo kamili, mpaka fleshi unaweza kuifunga. Home haina hiyo kamili ila ina mdogo wake, inaitwa Device encryption, na hapa ndo watu hawajui: kwenye Windows 11 za sasa, kuanzia toleo la 24H2, laptopu mpya ukiiwasha mara ya kwanza ukaingia kwa akaunti ya Microsoft inajifunga YENYEWE, Home au Pro, na ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48 inautuma kwenye akaunti hiyo. Haikuulizi.

Siku za kawaida husikii kitu. Siku bodi ikibadilishwa, au BIOS (ile programu ya kwenye bodi inayoamka kwanza ukiwasha) ikiapdetiwa vibaya, au fundi akigusa setingi za TPM (kichipu cha usalama kinachotunza funguo), inakuja skrini ya bluu inadai zile tarakimu 48. Huna? Hakuna fundi hapa wala Dar wa kukufungulia, anayekwambia anaweza anataka hela ya kufuta diski upige Windows upya, na mafaili ndo kwaheri.

Aliniletea mzee mmoja mhasibu wa Katubuka, laptopu ya miezi saba imeingia chai, nikabadilisha bodi, ikawaka, ikadai ufunguo. Nikamwambia mzee ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft utaukuta. Akasema akaunti gani? Kumbe alivyonunua, kijana wa dukani alimsaidia kuiwasha, na alitumia imeili ya kijana mwenyewe. Kijana kahama, namba haipatikani, duka limekuwa la vitenge. Mahesabu ya miaka miwili ya chama cha kuweka na kukopa yalikuwa humo. Tulipata sehemu tu, zile alizowahi kumtumia mwenyekiti kwa imeili.

Kwaiyo hata kabla ya Home na Pro, jiulize nani kaiwasha laptopu na imeili ya nani imo. Iwashe mwenyewe, kwa imeili yako, ambayo paswedi yake unaikumbuka. Afu ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, zichapishe zile tarakimu kwenye karatasi, weka na hati ya kiwanja.

Nimeletewa laptopu kutoka Bujumbura, imeandikwa Home Single Language na kila kitu Kifaransa. Nabadilishaje?

Hii ni ya kwetu sisi watu wa mwisho wa reli, Dar hawaijui. Single Language ni Home iliyofungwa lugha moja ya menyu, ile iliyokuja nayo. Home ya kawaida unaongeza Kingereza kwenye setingi, dakika kumi umemaliza, hii itakugomea. Dawa yake ni kupiga Windows upya ya Kingereza, toleo lile lile la Single Language, leseni haipotei maana imeshikana na mashine sio lugha. Hamisha mafaili kwanza.

Na kibodi usisahau. Ya Burundi na Kongo mara nyingi ni AZERTY, A imekaa pa Q na namba unazipata ukishika Shift. Windows unaweza kuiambia ni kibodi ya Kingereza ila maandishi juu ya vitufe hayatabadilika, utakuwa unaandika kwa kukariri. Kama hujazoea, omba punguzo au achana nayo.

S mode ni nini? Nimeambiwa ni ya usalama zaidi.

Ni Home iliyofungwa isipokee programu yoyote isipokuwa za kwenye duka la Microsoft. Ukitaka kuweka programu ya printa kutoka kwenye CD inakataa. Usiogope, kuitoa ni bure, unaingia Settings, System, Activation, unabonyeza pa kutoka S mode. Inakupeleka kwenye duka lao, unahitaji intaneti na akaunti, na ukishatoka hakuna kurudi. Mtu asikutoze hata mia kwa kazi hiyo.

Kuna nyingine naona zina herufi N mwishoni.

Hizo za Ulaya. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliwabana Microsoft kwa kubandika kicheza muziki na video kwenye Windows, ndo likazaliwa toleo lisilo na hivyo vitu. Ukikutana nayo kwenye mtumba wa Ulaya, unaongeza Media Feature Pack, bure, imekuwa kama nyingine.

Laptopu ya mtumba kutoka Uingereza, imeandikwa Windows 11 Enterprise. Si ndo kubwa kuliko Pro?

Kubwa ndio, yako sio. Enterprise haiuziwi mtu mmoja mmoja, inakodishwa kwa makampuni kwa mkupuo. Laptopu iliondoka kiwandani na Pro, kampuni ikaigeuza Enterprise, ilipouzwa leseni ya Enterprise ilibaki na kampuni. Au, na hii ndo inatokea sana kwetu, mtu wa hapa hapa Tanzania kaweka Enterprise kwa ile programu ya kudanganyia, wanayoita KMS. Aktivesheni ya KMS inaishi siku 180, baada ya hapo inatakiwa irudi kwenye seva ya kampuni ijithibitishe tena. Huna seva, ndo unaanza kuona maandishi pembeni ya skrini yanakudai uaktiveti, miezi sita baada ya kununua, muuzaji ameshakusahau.

Habari njema ni kwamba laptopu hizi za kampuni, kuanzia zile zilizotengenezwa enzi ya Windows 8 mwaka 2012 kuja huku, nyingi zina ufunguo wa kiwandani umechomekwa ndani ya BIOS. Ukipiga Windows safi, toleo lile lililotoka nalo kiwandani, inajiaktiveti yenyewe ikipata intaneti, hakuna ufunguo wa kununua. Nimeshawarudishia watu wengi Pro yao halali waliyokuwa wamekaa nayo ndani bila kujua.

Nasikia kuna laptopu ukiipiga Windows inaleta jina la kampuni ya watu. Ni uchawi?

Ni Autopilot, na mimi mwenyewe imenikuta. Nilinunua mbili za mtumba, zote Pro, safi, bei ya kirafiki, zimekuja kwa treni mpaka Kigoma. Moja nikaipiga Windows, nikaunga waifai, ikaniandikia karibu na jina la kampuni fulani ya huko Ulaya, inadai imeili ya kazi na paswedi. Nikafuta, nikapiga tena, ikarudi vile vile. Maana namba za ile bodi zimesajiliwa kwa Microsoft kama mali ya kampuni, na kila Windows mpya ikigusa intaneti wakati wa kuanza inaenda kuuliza huyu ni wa nani. Kuitoa kwa haki ni kampuni yenyewe iifute kwenye orodha yao. Niliwaandikia, hawakunijibu. Muuzaji alivyoona ninachotaka kusema akaacha kupokea simu.

Kwaiyo laptopu ya mtumba yenye Pro usiridhike kwamba imewaka na ina jina la mtumiaji. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, Reset this PC, iunge hotspoti ya simu yako, subiri mpaka ivuke pale inapouliza mtandao na kuanza kutafuta apdeti. Ikikuletea jina la kampuni, mrudishie. Inachukua saa nzima na zaidi, muuzaji atanuna, mwache anune.

Hapa ndo Home ina nafuu ambayo hakuna anayeitaja: Autopilot haifanyi kazi kwenye Home.

Muuzaji anasema imeaktivetiwa ya maisha. Nitajuaje ni kweli?

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika slmgr /xpr bonyeza Enter. Ikikuletea tarehe ya mwisho, sio ya maisha, hiyo ni ile ya siku 180. Ikisema permanently activated endelea na ya pili, slmgr /dli, angalia neno la channel. OEM maana ake ilitoka nayo kiwandani, RETAIL mara nyingi imenunuliwa kivyake, VOLUME ni ya makampuni na kwenye laptopu yako binafsi haina kazi. Na ukitaka kujua tu ni Home au Pro, andika winver.

Kuna anayeuza ufunguo wa Pro mtandaoni elfu ishirini. Ninunue?

Bei ya Microsoft wenyewe huko Marekani, Home ni dola 139, Pro ni dola 199.99, kupandisha kutoka Home kwenda Pro ni dola 99, ambayo kwetu ni kama laki mbili na nusu hivi kutegemea dola imeamkaje. Sasa mtu anakuuzia elfu ishirini ametoa wapi? Mara nyingi ni ufunguo wa kampuni mmoja unauzwa kwa watu mia. Unakubali leo, siku Microsoft wakishtuka wanaufunga kwa wote. Nishanunua hiyo kitu kwa mteja, tena nikijua, nikarudisha hela mfukoni mwangu. Sirudii.

Bora laptopu ya FreeDOS au ya Windows? Ya DOS iko chini bei.

Laptopu ya FreeDOS ni mpya ila haina Windows, ukiiwasha unakuta skrini nyeusi ya maandishi. Sio mbovu. Punguzo unaloliona ndo bei ya leseni ambayo haimo, na humo kwenye BIOS hakuna ufunguo uliojificha, usimsikilize anayekwambia upo. Kama unaenda kuweka Linux, ni dili safi. Kama unataka Windows halali, jumlisha bei ya leseni juu yake uone, mara nyingi ile yenye Home ndani inakuwa imekutoka nafuu maana kiwanda kinapata leseni kwa bei ambayo mimi na wewe hatupewi. Wengi wananunua DOS wakijua fundi atawapigia Windows ya kuchakachua. Sikuhubirii, ila unakuwa na laptopu mpya yenye matatizo ya mtumba.

Windows 10 bado inafaa? Kuna moja nzuri nimeiona.

Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi kuna nyongeza ya mwaka mmoja unayojiandikisha kwa akaunti ya Microsoft, inaisha 13 Oktoba 2026. Kwaiyo swali sio Windows 10 ni nzuri au mbaya, swali ni hiyo mashine inapanda kwenda 11 au haipandi. Kupanda ni bure, ila inataka TPM 2.0, Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, AMD za laptopu ni Ryzen za 3000 kwenda juu.

Hapa wauzaji wanacheza sana. Anakwambia Core i5 ananyamaza. i5 ya lini? Angalia namba baada ya kistari, i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U cha 8, i5-10210U cha 10. Ile EliteBook 840 G3 ambayo imejaa kila kona ni ya kizazi cha 6, mashine ngumu naipenda, lakini kwenye Windows 11 Microsoft hawaitambui. Wapo mafundi wanailazimisha na inawaka, ila kubali kwamba apdeti zinaweza kukukatalia siku yoyote. Iwekee Linux, au inunue kwa bei inayojua hilo.

Nikinunua Home nikajuta baadae?

Unapandisha kwenda Pro humo humo kwenye setingi, bila kupoteza faili. Kushuka kutoka Pro kwenda Home ndo hakuna njia ya kistaarabu, unafuta unaanza upya, tena kwa leseni nyingine. Kwaiyo mwenye mashaka aanze na Home.

Word na Excel zimo kwenye Pro?

Hazimo. Si Home si Pro. Ile Word unayoikuta kwenye laptopu mpya ni ya majaribio ya Microsoft 365, muda ukiisha inakuwa ya kusoma tu. Watu wanalipa Pro wakidhani wamelipia Office. Unanunua kivyake, ya kulipia kila mwaka au ile ya mara moja kama Office 2024, au unaweka LibreOffice bure ambayo inafungua mafaili ya Word vizuri, majedwali magumu ndo kidogo yanayumba.

Apdeti zinanila bando. Pro inaweza kuzizima?

Kuzizima moja kwa moja hata Pro haipendi. Pro inakuruhusu kuzichelewesha kwa Group Policy, zile za kila mwezi mpaka siku 30, kubwa za mwaka mpaka siku 365. Home unazisimamisha mpaka wiki 5 kisha inakulazimisha uchukue.

Lakini kuna kitu kipo kwenye zote na kinasaidia kuliko hicho. Ingia setingi za waifai yako, bonyeza mtandao wako, washa Metered connection, Windows itajua unatumia bando na itajibana. Na kama una kompyuta kadhaa kwenye waifai moja, kama yule wa steshenari, tafuta Delivery Optimization uiruhusu kwa vifaa vya mtandao wa ndani, moja ikishadaunlodi zingine zinachota kwake. Umeme nao, usianze apdeti kubwa betri ikiwa chini ya nusu, unajua wenyewe mambo ya hapa.

Je nikiacha Windows kabisa?

Linux kama Mint au Ubuntu ni bure, Ubuntu 24.04 ina miaka mitano ya matengenezo, na laptopu ya zamani inapumua. QuickBooks ya kuweka kwenye kompyuta haikubali humo, hilo ujue. Chromebook, zile laptopu za mfumo wa Google, ikiwa mpya ni sawa kama intaneti unayo muda wote. Za mtumba angalia tarehe ya mwisho ya apdeti, zilizotoka 2021 kuja huku zina miaka kumi, za kabla ya hapo ni bahati yako, na za mashule ya nje zinaweza kuwa zimefungwa kwa jina la shule kama ile hadithi yangu ya Autopilot. Mac haina mambo ya Home na Pro, ni macOS moja tu, ila za prosesa ya Intel wamefika mwisho, macOS Tahoe ya 2025 ndo ya mwisho kwao.

Hizi Copilot+ nazo ni toleo?

Sio toleo, ni aina ya mashine, inaweza kuwa Home au Pro. Zilianza kuuzwa Juni 2024, zina kipande cha prosesa cha AI na RAM isiyopungua GB 16. Zile za kwanza zilikuwa za Snapdragon, prosesa ya aina ya ARM na sio Intel wala AMD, betri yake inadumu balaa, ila kama una printa ya zamani uliza kwanza, draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya prosesa za ARM, na printa nyingi za steshenari za hapa mjini ni za enzi hizo ambazo hakuna aliyewaza.

Nimeshanunua Pro na natumia Word na WhatsApp tu. Nimeliwa?

Kidogo. Ila kwa kuwa umelipia, nenda kwenye Control Panel tafuta BitLocker, hakikisha imewashwa, chapisha zile tarakimu 48. Siku ya kwanza ukisahau laptopu kwenye boti ya Kibirizi utajua hela ilienda wapi.